Kabla hujamfuta Nabi Yanga, rudi kwanza Aprili 2021

Tangu Taifa Stars ivuke makundi kwenye AFCON ya Morocco, hapa Arusha mjadala wa makocha umegeuka kabisa, kuanzia Kilombero sokoni mpaka kwa kinyozi wangu Ngarenaro jina ni moja tu, Gamondi, kocha aliyeiongoza Stars kule na ambaye aliwahi kuifundisha Yanga. Na sina ugomvi na hilo, maana toka tucheze AFCON ya kwanza mwaka 1980 hatukuwahi kutoka kwenye kundi, aliyetutoa apewe maua yake. Shida yangu ni maneno yanayofuata baada ya hapo. Dakika tano haziishi utasikia mtu anasema unaona sasa, huyu ndo aliyeijenga Yanga, yule Nabi aliyemtangulia alikuwa anabebwa na wachezaji tu, si mmeona Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini imemshinda. Na wanaosema hivyo sio watani wetu wa Simba, ni Wananchi wenyewe, mashabiki wa Yanga, watu ambao mwaka 2022 walikuwa wanamuita Profesa na kuvaa tisheti zake.

Mimi naona tunakosea, na tunakosea kwenye jambo ambalo litatugharimu kama klabu. Timu ambayo Gamondi aliichezesha vizuri mpaka ikampiga mtani tano, msingi wake uliwekwa na Nasreddine Nabi kati ya Aprili 2021 na Juni 2023, na kilichomwezesha kuuweka sio hela tu, ni kwamba aliboronga mara mbili kwenye Ligi ya Mabingwa na hakuna aliyempa thenkyu, yaani hakufukuzwa. Sisemi alikuwa hana makosa, ana moja kubwa ambalo mpaka leo linaniuma na nitalifikia. Ila makosa anayobebeshwa siku hizi kwenye vijiwe sio yale aliyoyafanya.

Tuanze na hali aliyoikuta, maana naona vijana wengi wanaongea kama vile Yanga imekuwa hivi siku zote. Aprili 2021 Yanga ilikuwa haijachukua ubingwa toka msimu wa 2016/17. Simba walikuwa wanaelekea ubingwa wa nne mfululizo, na Afrika walikuwa wametoka kuongoza kundi lenye Al Ahly ndani yake, yaani tulikuwa tunaongea na mashabiki wao tukiwa tunaangalia chini. Msimu huohuo Yanga ilianza na Zlatko Krmpotić akaondoka Oktoba hata ligi haijakolea, akaja Cedric Kaze naye akaondolewa Machi, halafu ndo akaletwa huyu Mtunisia ambaye wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumsikia. Mechi yake ya kwanza akafungwa na Azam moja bila, goli la Prince Dube. Julai akamfunga Simba kwenye ligi kwa goli la Zawadi Mauya, wiki chache baadaye Simba hao hao wakamfunga kwenye fainali ya ASFC, lile kombe la mtoano la hapa nyumbani, kule Kigoma. Septemba tukatolewa na Rivers United ya Nigeria raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa, moja bila nyumbani, moja bila kwao, hatujapata hata goli la kufutia machozi. Kwa kipimo tunachotumia leo huyo kocha alitakiwa awe ameshapanda ndege.

Hakupanda ndege. Alibaki, na alichofanya baada ya pale ndo kitu ambacho nadhani hatujawahi kukaa chini tukakitazama vizuri kwasababu hakikuwa na mbwembwe. Alikata mianya ya kufungwa. Diarra golini, Job na Mwamnyeto pale katikati na baadaye akaongezeka Bacca kutoka KMKM, Aucho mbele yao, na Bangala anaweza kuwa beki leo na kiungo kesho, jamaa akaishia kuwa mchezaji bora wa ligi bila kuwa mfungaji wala mtoa pasi za magoli. Mechi nyingi zilikuwa ngumu kuzitazama, moja bila, mbili bila, dakika za mwisho tunashika mpira kwenye kibendera cha kona. Nakumbuka watu walikuwa wanalalamika kwamba Yanga haichezi mpira wa Yanga. Ila tulimaliza msimu wa 2021/22 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, tukamvua Simba ubingwa, na ile rekodi ikaendelea mpaka mechi 49, ikakatwa na Ihefu kule Mbarali Novemba 2022 kwa mbili moja. Arsenal ya Wenger nayo ilifika 49. Nimelitaja hilo sio kwa kulinganisha ligi, ni kukumbusha kwamba kwenye nchi yoyote timu kucheza mechi arobaini na tisa bila kufungwa haiwezi kuwa bahati, kuna viwanja vibovu humo, kuna mvua, kuna safari za basi kutoka Dar mpaka Bukoba, kuna marefa, kuna siku straika wako ana malaria.

Msimu ule ulifungwa hapa hapa kwetu, fainali ya ASFC tarehe 2 Julai 2022 pale Sheikh Amri Abeid, nilikuwepo upande wa jua. Coastal Union walitufunga tatu, zote kijana mmoja, Sopu, na kila tukidhani imeisha anarudi tena. Ikaenda tatu tatu mpaka muda wa nyongeza ukaisha, tukashinda kwa penati. Kitu nilichokitazama siku ile ni benchi, maana uwanja wetu ni mdogo, ukikaa vizuri unaona sura za watu. Nabi hakupagawa. Wachezaji walivyokusanyika kabla ya penati hakuongea sana, aliwapitia mmoja mmoja, akarudi akasimama. Nimeshaona makocha wengi wa hizi timu kubwa wanavyokuwa kwenye presha ya namna ile, na niliondoka nikiwa na uhakika kwamba timu ina mtu.

Sasa tuje kwenye hizi shutuma. Ya kwanza na dhaifu kuliko zote ni hii ya kubebwa na usajili. Hoja yenyewe inasema wafadhili wetu GSM walimwaga hela, wakamletea Mayele, Djuma Shabani, Diarra, Aucho, baadaye Aziz Ki, kocha yeyote angeshinda. Haya, hela za GSM zilianza lini? Msimu wa 2020/21 kabla Nabi hajaja walishaletwa akina Carlinhos, Sarpong, Tuisila na Mukoko, airport ilijaa watu, na timu ikamaliza nyuma ya Simba. Simba nao walikuwa na hela, Azam nao wana hela siku zote na hatuoni wakicheza mechi 49 bila kufungwa. Halafu angalia hao wachezaji wenyewe wengi walifikaje. Bacca alitoka Zanzibar hakuna aliyekuwa anamsubiri airport. Mudathir alikuwa hana timu baada ya kuachana na Azam, akachukuliwa dirisha dogo na ndani ya miezi michache anacheza fainali ya Afrika. Kwa upande wa pili Bigirimana alikuja na jina la Newcastle, uwanjani hakikuonekana kitu, na Nabi hakumlazimisha acheze ili kumfurahisha mtu. Mtu anayebebwa na usajili anapanga majina. Huyu alikuwa anapanga waliokuwa tayari, na mtu akitaka kunibishia hapo aniambie ni mchezaji gani mkubwa wa Yanga ya leo au ya jana ambaye alishuka kiwango chini ya Nabi.

Ya pili ni Kaizer Chiefs, na hii nakubali ina uzito kidogo kuliko ile ya kwanza. Alienda Julai 2024, akamaliza ligi nafasi ya tisa, Oktoba 2025 wakaachana. Kwa timu kubwa kama ile nafasi ya tisa ni aibu, sitaki kuipamba. Lakini katikati ya hapo aliwapa Nedbank Cup kwa kumfunga Orlando Pirates fainali, kombe la kwanza Chiefs walilogusa ndani ya miaka kumi, kwahiyo unatakiwa ujiulize hiyo miaka kumi makocha wangapi walipita na wote walikuwa hawajui mpira? Na watu wanaruka kabisa msimu wake wa kwanza baada ya kutoka Yanga, alipokuwa FAR Rabat akamaliza ligi ya Morocco wa pili, pointi moja tu nyuma ya Raja ambao hawakufungwa msimu mzima. Ukitaka kutumia maisha ya kocha baada ya kuondoka kumhukumu alichofanya kwako basi tumia yote, usichague Johannesburg ukaiacha Rabat. Mimi ningependa tusitumie yote mawili. Alichofanya Jangwani, yaani pale Yanga, kilifanyika Jangwani, kina tarehe zake na matokeo yake.

Shutuma nzito ziko mbili na ajabu ni kwamba kwenye vijiwe hazitajwi. Moja ni Simba. Tukihesabu mechi za ligi peke yake Nabi alikutana na mtani mara tano, akashinda ile ya Julai 2021 tu, zikaja sare tatu, mbili kati ya hizo bila bila, na ya mwisho Aprili 2023 tukalala mbili, Inonga na Kibu. Ngao ya Jamii alimfunga mara mbili na nusu fainali ya ASFC kule Mwanza alimfunga kwa lile goli la Fei Toto, kwahiyo kwenye mechi za mtoano alikuwa na la kwake, ila kwenye ligi kocha aliyekuwa na timu bora zaidi nchini aliingia kwenye dabi akiwaza kutofungwa. Ile bila bila ya Aprili 2022 tulikuwa tunaongoza ligi na tungeweza kuwamaliza, tukacheza kama sisi ndo tunatafuta pointi moja. Gamondi alikuja akaondoa ule uoga, tarehe 5 Novemba 2023 tano moja, na kwa hilo Gamondi anamzidi, nakubali bila kung'ang'ania.

Ya pili ndo ile niliyosema inaniuma, na ni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023. Watu wanakumbuka kwamba tulikosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini (jumla ya magoli ikilingana, anashinda aliyefunga mengi ugenini), na wanaikumbuka kama dhuluma, kwamba tulienda Algiers tukamfunga USM Alger kwao moja bila kwa penati ya Djuma na bado wakabeba wao, wakati Ulaya hiyo sheria walishaifuta toka 2021. Ni kweli inauma. Ila kombe halikupotelea Algiers, lilipotelea kwa Mkapa Mei 28. Tulikuwa nyuma moja bila, Mayele akasawazisha mwishoni mwishoni, uwanja ukalipuka, na sisi huku tuliokuwa tumebanana kwenye banda umiza la Sakina tulikuwa tunakumbatiana na watu tusiowajua. Wakati ule moja moja ilikuwa inavumilika kabisa, ukienda kwao ukashinda lile goli la Djuma umebeba kombe. Badala yake timu nzima ikaenda mbele kutafuta la pili, dakika chache tu baadaye Merili akatufunga, mbili moja. Hapo ndo nilitegemea kumuona Nabi wa Sheikh Amri Abeid, yule aliyetulia, aingize kiungo mmoja wa kukaba, apige kelele watu warudi nyuma wapumue. Kocha aliyejenga jina lake kwa kutofungwa alishindwa kuwazuia wachezaji wake dakika zile zile ambazo kazi yake yote ya miaka miwili ilikuwa inawaandaa kwa ajili yake. Nimeitazama tena ile mechi mara kadhaa na sioni namna ya kumtetea. Kama kuna mtu anataka kumshusha Nabi hapa ndo pa kuanzia.

Lakini hata kosa hilo lina maana kwasababu alifika pale. Kabla ya Yanga ile, klabu ya Tanzania iliyokuwa imecheza fainali ya CAF ilikuwa Simba ya mwaka 1993, miaka thelathini nyuma. Na njia waliyopita sio ya bahati: Tunis walienda wakamtoa Club Africain kwa goli la Aziz Ki baada ya sare nyumbani, kwenye makundi wakamfunga Mazembe nyumbani na Lubumbashi na wakaongoza kundi, wakaenda Nigeria wakalipiza kwa Rivers United mbili bila, wakamfunga Marumo Gallants nyumbani na ugenini. Wakubwa wangu wananiambia zamani timu zetu zilikuwa zinaenda ugenini kupunguza idadi ya magoli. Nabi ndiye aliyewatoa huko, na ndo maana Gamondi alipoingia Ligi ya Mabingwa na kufuzu makundi kwa mara ya kwanza toka 1998, alikuwa na Diarra, Job, Bacca, Mwamnyeto, Aucho, Mudathir, Aziz Ki na Musonda ambao wote walishacheza robo, nusu na fainali. Alimpoteza Mayele, akaongezewa Pacome, Maxi na Yao, na akawapa uhuru wa kucheza mbele ambao Nabi hakuwa anautoa. Hapo anastahili sifa zake kamili. Ila nyuma ya ule uhuru kulikuwa na watu ambao walishazoea kutofungwa, na kwenye robo fainali ya 2024 kule Pretoria tukatoka bila bila na Sundowns na kufika mpaka penati, hiyo mechi ukiitazama vizuri ni mechi ya Nabi iliyochezwa na Gamondi.

Na hata hii AFCON tunayomsifia. Stars ilifungwa na Nigeria, ikatoka sare na Uganda, ikatoka sare na Tunisia, ikavuka kwa pointi mbili bila ushindi hata mmoja, halafu ikatolewa na wenyeji moja bila baada ya kupambana kweli kweli. Tumesherehekea na ilikuwa haki yetu kusherehekea. Ila ukichambua tulichokisherehekea ni ukabaji, nidhamu, kujua lini pointi moja inatosha. Nabi tulimponda kwa hayo hayo. Haiwezekani sare moja ikawa akili kwa kocha huyu na ikawa uoga kwa yule.

Kwanini basi nasema kosa hili la kumbukumbu linatugharimu? Kwasababu tukiamini kwamba Nabi alibebwa, tunaamini pia kwamba kocha ni kitu unachobadilisha kama jezi, wachezaji wapo watashinda tu. Angalia kilichofuata: Gamondi mwenyewe aliondolewa Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na Tabora United mfululizo, akaja Ramovic akaondoka Februari, akaja Hamdi akabeba ubingwa akaondoka, akaja Folz akaondolewa Oktoba 2025 baada ya kufungwa na Silver Strikers kule Malawi, akaja Pedro Gonçalves. Najua nitajibiwa kwamba baada ya kumtoa Folz tulishinda marudiano mbili bila tukaingia makundi, na ubingwa tumeendelea kubeba kila mwaka, kwahiyo hiyo kubadilisha inafanya kazi. Ni hoja nzuri na siwezi kuikwepa, kwenye ligi yetu inafanya kazi kweli, kwa kikosi kile Yanga ikiwa na kocha yeyote mwenye akili timamu inabeba ligi. Swali langu ni Afrika. Toka ile robo ya Gamondi ya 2024, ambayo nayo alipewa msimu mzima bila kuguswa, msimu uliofuata uliokuwa na makocha watatu tuliishia makundi. Na kinyume chake kiliwatokea watani wakati Nabi amekaa kwetu, maana kwa ile miezi ishirini na sita yeye yupo Jangwani wao walipitiwa na Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda na Robertinho, na ndo miezi ambayo walipoteza ligi waliyokuwa wameishika miaka minne.

Oktoba 2022 tulipotolewa na Al Hilal ya Sudan, hii ikiwa ni mara ya pili Nabi anashindwa kufika makundi ya Ligi ya Mabingwa, hapa mtaani kelele zilikuwa moja tu, aondoke, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga hizo kelele. Mechi iliyofuata ya Shirikisho ikawa bila bila nyumbani na Club Africain, kelele zikazidi, watu walikuwa wameshaanza kutaja majina ya makocha wa kuja. Uongozi ukanyamaza, timu ikapanda ndege kwenda Tunis na kocha yule yule, mwezi wa Novemba, kwenye nchi yake mwenyewe ambako kama angefungwa asingekuwa na pa kujificha. Aziz Ki akafunga. Miezi saba baadaye tulikuwa Algiers.